Kipokezi cha EPCR: Protini inayoeleza kwa nini malaria 'hupanda kichwani'

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

UKISIMAMA kwa muda katika maduka ya dawa ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, au ukikaa kwenye benchi la wagonjwa pale Mnazi Mmoja, si ajabu kumsikia mzazi akisimulia kuwa malaria ya mwanawe "ilipanda kichwani". Kauli hiyo ni ya zamani na kila mkazi wa jiji hili anaielewa. Ni homa iliyoanza kama homa nyingine yoyote, kisha mtoto akaanza kuweweseka, akapatwa na degedege, akapoteza fahamu. Baadhi ya watoto hao hupona. Wengine huzikwa.

Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, isipokuwa kwamba kimelea cha malaria hakipandi popote. Kinachofanya ni kung'ang'ania. Chembe nyekundu za damu zilizobeba vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, ikiwemo ile ya ubongo, na kuziba njia. Madaktari wa Italia waliliona jambo hilo kwa hadubini tangu mwishoni mwa karne ya 19, walipochunguza ubongo wa watu waliofariki kwa malaria. Swali lililobaki bila jibu la kutosheleza kwa zaidi ya miaka 100 lilikuwa hili: vimelea vinavyoua hushika wapi hasa?

Jibu lilipatikana mwaka 2013, na sehemu ya safari ya kulifikia ilipita Korogwe, mkoani Tanga. Kishikio chenyewe ni protini iitwayo kwa kifupi EPCR, yaani kipokezi cha protini C kilichoko kwenye ukuta wa ndani wa mishipa ya damu. Mengi yanayojulikana juu ya kazi zake za kila siku, hata hivyo, hayakutoka kwa binadamu. Yalitoka kwa panya wadogo wa maabara.

Protini ya aina gani?

Kila chembe hai ya mwili, au seli, imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo umechomekwa protini za aina nyingi, na zile zinazopokea ujumbe au kushika vitu vinavyopita nje ya seli huitwa vipokezi. Kila kipokezi hushika kitu kinacholingana nacho, kama kufuli na ufunguo wake.

EPCR ni kipokezi kidogo. Ni mnyororo wa asidi amino zipatazo 220, ambao karibu wote uko nje ya seli. Ndani umebaki mkia mfupi sana. Kwa sababu ya ufupi wa mkia huo, EPCR hakiwezi kupeleka taarifa ndani ya seli kikiwa peke yake, bali hutegemea jirani yake, kipokezi kingine kiitwacho PAR1. Umbo lake linafanana na la protini zinazotumiwa na mfumo wa kinga kuonesha vipande vya wadudu wa magonjwa, jambo ambalo halikutarajiwa kwa protini inayoshughulika na damu.

Kiligunduliwa mwaka 1994 na Kenji Fukudome na Charles Esmon, waliokuwa wakifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Oklahoma, Marekani. Mwaka uliofuata watafiti hao hao walichapisha maelezo ya EPCR cha panya na cha ng'ombe. Jeni inayokitengeneza huitwa PROCR. Kwa binadamu iko kwenye kromosomu ya 20, kwa panya iko kwenye kromosomu ya 2.

Ama hiyo protini C inayopokelewa na EPCR, jina lake lina kisa kidogo. Mtafiti Johan Stenflo wa Sweden, aliyeitenga kutoka kwenye damu ya ng'ombe mwaka 1976, aliipa herufi C kwa kuwa ilitoka katika fungu la tatu la mchujo wake, baada ya A na B. Herufi hiyo haiwakilishi neno lolote.

Breki ya damu

Mchuuzi wa samaki akijikata kidole kwa kisu, damu yake inapaswa kuganda haraka kabla hajapoteza nyingi. Kazi hiyo huongozwa na kimeng'enya kiitwacho thrombini. Lakini mgando huo ukiendelea kuenea, mishipa itaziba na kiungo kitakosa hewa. Mwili umejiwekea breki, na breki yenyewe inafanya kazi kwa njia ya kushangaza: thrombini ile ile inayogandisha damu, ikishikwa na protini nyingine ya ukuta wa mshipa iitwayo thrombomodulini, hugeuka na kuanza kuiamsha protini C. Protini C iliyoamshwa huvunja visaidizi viwili vya kugandisha damu, vile vya namba 5 na namba 8, na mgando husimama.

EPCR huingia hapo katikati. Hukamata protini C inayopita na damu, kikaisogeza karibu na thrombini na thrombomodulini, na kwa kufanya hivyo huongeza kasi ya kuamshwa kwake kwa kiasi cha mara 20 hivi. Bila EPCR breki ipo, ila ni dhaifu.

Kazi ya pili iligundulika mwaka 2002, kundi la Wolfram Ruf katika taasisi ya Scripps, California, lilipoonesha kuwa protini C iliyoamshwa, ikiwa imeshikwa na EPCR, huigusa PAR1 na kutuma ujumbe ndani ya seli. Ujumbe huo huzituliza seli za ukuta wa mshipa: uvimbe hupungua, na seli hubaki zimeshikamana ili maji ya damu yasivuje. Kwa hiyo kipokezi kimoja kinalinda mambo mawili, damu isigande ovyo na ukuta usivuje. Msomaji aliweke hilo akilini, maana ndipo malaria inapopiga.

Panya waliofanywa wakose

Ili kujua kazi ya protini fulani, njia mojawapo ni kumtengeneza mnyama asiyekuwa nayo na kuona nini kitaharibika. Panya wa maabara wanafaa kwa kazi hiyo kwa kuwa wanazaa haraka na jeni zao zinaweza kuondolewa moja moja. (Hapa hatuzungumzii panyabuku wa Morogoro waliofunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, wala wale wanaokimbizana usiku kwenye mitaro ya Kariakoo. Kiswahili kina neno moja kwa jamii kubwa ya wanyama.)

Mwaka 2002 kundi la Esmon lilitangaza matokeo ya panya wasio na jeni ya EPCR. Wazazi waliokuwa na nakala moja nzima na moja iliyoharibiwa waliishi bila tatizo la wazi. Walipopandishwa, kwa hesabu za kawaida za urithi mtoto mmoja kati ya wanne alipaswa kuzaliwa bila kipokezi hicho kabisa. Hakuzaliwa hata mmoja. Viinitete vilikuwa vikifa tumboni siku ya 10 hivi ya mimba, ambayo kwa panya huchukua takriban siku 20. Vilipochunguzwa, ilikutwa damu imeganda pale kondo la nyuma linapokutana na mama.

Je, aliyehitaji EPCR alikuwa kiinitete chenyewe au kondo lake? Mwaka 2005 kundi hilo lilijibu kwa kutumia mbinu iliyoacha kipokezi kwenye kondo na kukiondoa kwenye mwili wa mtoto. Safari hii panya walizaliwa hai na wakakua. Hawakugandisha damu ovyo walipoachwa watulie, lakini mwili wao ulipotikiswa walionekana kuwa na breki hafifu kuliko wenzao. Fundisho ni kwamba EPCR ni cha lazima kwanza kwenye kondo, na baadaye maishani ni akiba inayohitajika siku ya shida.

Panya wakafunua pia jambo ambalo hakuna aliyelitafuta kwenye mambo ya damu kuganda. Mwaka 2006 ilioneshwa kuwa seli mama za uboho, zile zinazozaa chembe zote za damu, zinaweza kutambuliwa kwa panya kwa kuangalia EPCR juu ya utando wao, kwa kuwa zinacho kingi. Mwaka 2015 watafiti wa Israeli walieleza kuwa kipokezi hicho husaidia kuzizuia seli hizo zisitoke uboho na kutangatanga kwenye damu. Mwaka huo huo kundi jingine, la China, lilikikuta kwenye seli mama za tezi za maziwa za panya. Mwili, inaonekana, umekitumia kifaa kimoja kwa kazi zisizofanana, kama ilivyo kwa mafundi wengi wa Gerezani ambao nyundo moja huwatosha.

Panya si mtu

Lakini ni hatari kumchukulia panya kama binadamu mdogo. Mfano ni kisaidizi cha kugandisha damu cha namba 7: kwa binadamu hushikwa na EPCR karibu sawa na protini C, kwa panya hakishikwi ipasavyo. Tofauti kama hiyo inatosha kupotosha jaribio zima.

Mfano mkubwa zaidi ulikuwa wa dawa. Novemba 2001 Marekani iliruhusu matumizi ya protini C iliyoamshwa, chini ya jina la biashara Xigris, kwa wagonjwa mahututi walioshambuliwa na bakteria kwenye damu. Katika jaribio lililoipa ruhusa hiyo, lililohusisha wagonjwa 1,690, vifo vilikuwa asilimia 24.7 kwa waliopewa dawa dhidi ya asilimia 30.8 kwa wasiopewa. Mwaka 2007 majaribio kwa panya yalieleza kuwa faida ilitokana zaidi na ujumbe wa kutuliza unaopitia EPCR na PAR1 kuliko na kuzuia damu isigande. Jaribio jipya kwa binadamu, hata hivyo, halikuona faida yoyote, na Oktoba 2011 mtengenezaji aliiondoa Xigris sokoni duniani kote. Kutokwa na damu kulikuwa tatizo lake tangu mwanzo.

Kwa malaria, ugumu wa kumtumia panya ni mkubwa zaidi. Kimelea kinachoua watu wengi hapa kwetu, Plasmodium falciparum, hakiishi ndani ya panya. Panya wa maabara huambukizwa jamaa yake, Plasmodium berghei, ambaye asili yake haiko mbali na sisi: alitengwa mwaka 1948 na Ignace Vincke na Marcel Lips kutoka kwa panya wa vichakani huko Katanga, Kongo. Kimelea hicho kimesaidia mengi, zikiwemo dawa. Lakini hakina protini ambayo falciparum huitumia kunata kwenye mishipa ya binadamu. Hivyo, panya aliyetufundisha EPCR ni nini hakuweza kutuambia kuwa EPCR ndicho kishikio. Hilo lilipaswa kutoka kwa wagonjwa wenyewe.

Watoto wa Korogwe

Falciparum akiwa ndani ya chembe nyekundu hutoa juu ya uso wake protini ndefu yenye kazi ya kunata. Jeni za protini hiyo ni 60 hivi katika kila kimelea, naye hutumia moja kwa wakati, akibadilisha kila kinga inapomtambua. Kila aina hushika kipokezi tofauti cha mshipa. Nyingi hushika kiitwacho CD36, na hizo kwa kawaida haziambatani na ugonjwa mkali. Kingine, ICAM-1, kilichunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi na watoto wa Kilifi, Kenya, waliripoti kuwa badiliko la jeni yake liliambatana na malaria ya ubongo. Picha haikukamilika.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walichapisha uchunguzi wa vimelea vya watoto wa Kitanzania waliolazwa kwa malaria. Kati ya jeni zote zile za kunata, waliopatwa na malaria kali walikuwa na vimelea vinavyotumia zaidi makundi mawili tu, yaliyopewa majina DC8 na DC13. Haikujulikana makundi hayo yanashika nini.

Kilichofuata kilihitaji subira zaidi ya ujanja. Kipande cha protini ya kundi la DC8 kilipitishwa juu ya mkusanyo wa protini zaidi ya 2,000 za utando wa seli za binadamu, moja baada ya nyingine, kuona kitanata wapi. Kilinata kwenye EPCR. Matokeo yalitoka Juni 2013 katika jarida la Nature, waandishi wakuu wakiwa Louise Turner na Thomas Lavstsen, na miongoni mwa washiriki akiwemo Dk. John Lusingu wa NIMR.

Jambo baya zaidi lilikuwa mahali hasa ambapo kimelea hushika. Hushika pale pale protini C inapopaswa kukaa. Fikiria vichochoro vya Mtaa wa Kongo siku za kuelekea Idi, mikokoteni imejaa. Mkokoteni mmoja ukifungwa kwa kamba kwenye kitasa cha duka, umeziba njia. Hilo ni tatizo la kwanza. La pili ni kwamba mwenye duka hawezi tena kufungua mlango atoke kuja kuondoa takataka zinazolundikana mbele yake. Ndivyo inavyokuwa ndani ya mshipa. Chembe zilizonata huziba damu isipite, na wakati huo huo kipokezi kilichopaswa kuamsha breki ya mgando na kutuliza uvimbe kimekaliwa.

Mwaka huo huo wa 2013, uchunguzi uliofanywa Blantyre, Malawi, kwa watoto waliofariki kwa malaria ya ubongo ulikuta kuwa pale vimelea vilipojikusanya kwenye mishipa ya ubongo, EPCR na thrombomodulini vilikuwa vimepungua, na damu ilikuwa imeganda. Ubongo, tofauti na viungo vingine, una vipokezi hivyo kwa uchache tangu awali. Kikipotea kidogo kilichopo, hakuna akiba. Pengine hiyo ndiyo maana halisi ya malaria "kupanda kichwani": vimelea hunata sehemu nyingi za mwili, lakini kichwani ndiko breki huisha kwanza.

Kwa nini kisizibwe?

Msomaji makini atauliza: kama EPCR ndicho kishikio, kwa nini isitafutwe dawa ya kukiziba ili kimelea kikose pa kushika? Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na panya wa mwaka 2002. Kukinyima mwili EPCR ni kuinyima mishipa breki yake, na kwa mama mjamzito ni kuhatarisha kondo. Dawa ya namna hiyo ingefanya kazi ile ile ya kimelea.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia upande wa pili, kumziba kimelea mdomo. Huko nako kulikuwa na hofu, kwa kuwa protini za kunata hutofautiana mno baina ya kimelea na kimelea. Mwaka 2015, kundi lililomhusisha Matthew Higgins wa Oxford lilionesha kuwa pamoja na tofauti hizo, umbo la sehemu inayoshika EPCR limebaki lile lile. Kimelea kinaweza kubadili nguo, lakini ufunguo lazima uingie kwenye kufuli ambalo halibadiliki.

Mwaka huo pia ulichapishwa utafiti wa damu za wakazi wa Tanzania waliokulia penye malaria, ulioonesha kuwa kingamwili dhidi ya sehemu hiyo hupatikana mapema utotoni, kabla ya zile zinazolenga aina nyingine nyingi. Hilo linaelekea kueleza jambo ambalo wauguzi wa vijijini wamelijua siku zote: mtoto akivuka miaka ya kwanza huendelea kuugua malaria, lakini ni nadra imuue.

Mtoto wa mjini

Hapa ndipo habari hii inapomgusa mkazi wa Kariakoo, Gerezani au Upanga. Kingamwili hizo hupatikana kwa kuumwa na mbu na kuugua, na katikati ya jiji malaria si nyingi. Mbu wanaosumbua usiku katika mitaa hiyo wengi wao ni kuleksi, wanaozaliana kwenye maji machafu na ambao hawaenezi malaria. Mpango wa kudhibiti malaria mijini ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004, ukianza kunyunyizia viuaviluwiluwi mwaka 2006, ulichangia kuipunguza zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea kwa asilimia 8.1 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, na Dar es Salaam ni miongoni mwa mikoa iliyo chini sana ya wastani huo, wakati Tabora ilifikia asilimia 23.

Ni neema, lakini ina upande wake mwingine. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Kariakoo anaweza kufika umri wa kwenda shule bila kukutana hata mara moja na vimelea vinavyoshika EPCR. Shule zinapofungwa Juni au Desemba akapandishwa basi kwenda kwa bibi yake Tabora, Kigoma au Mtwara, anaingia kwenye malaria akiwa na kinga isiyozidi ya mtoto mchanga wa huko, na pengine chandarua kimesahauliwa nyumbani. Homa huanza siku kama 10 hadi 14 baada ya kuumwa, mara nyingi akiwa amekwisha kurudi mjini, mahali ambapo hakuna anayeiwazia malaria.

Kosa la kinyume nalo lipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa takriban mmoja kati ya kumi. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, hasa ya virusi. Kumnunulia kila mwenye homa dozi ya mseto dirishani bila kupima ni kumwacha mwenye nimonia bila tiba. Kipimo cha haraka huchukua dakika 15 hadi 20, na kwa maoni ya mwandishi huyu hakuna kisingizio cha kukiruka mjini.

Degedege ni jambo jingine. Pwani yetu kwa vizazi vingi imelihusisha na ndege au pepo anayempitia mtoto, na wazee walionya kwamba sindano humuua mwenye degedege. Waliokuwa wakisema hivyo walikuwa wameona kwa macho yao watoto wakifa muda mfupi baada ya kufikishwa hospitali. Walichelewa kuwafikisha, na sindano ikabeba lawama. Ukiujua mwendo wa EPCR, utaelewa kuwa saa zina maana kubwa: kila vimelea vinapokomaa ndani ya chembe nyekundu hunata zaidi, na ukuta wa mshipa huzidi kupoteza ulinzi.

Tiba iliyopo haikigusi kipokezi. Inaua vimelea upesi, vikiwemo vichanga ambavyo bado havijanata. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2010, lililohusisha watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, zikiwemo hospitali za Korogwe na Muheza, lilionesha kuwa sindano ya artesunate ilipunguza vifo hadi asilimia 8.5, ikilinganishwa na asilimia 10.9 kwa kwinini. Hata kwa dawa hiyo bora, basi, takriban mtoto mmoja kati ya 12 alifariki, na waliobaki kati yao wapo waliopata ulemavu wa ubongo. Pengo hilo ndilo linalowafanya watafiti waendelee kukichunguza kishikio.

Chanjo mbili zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, ambazo zote zilijaribiwa pia Bagamoyo, humlenga kimelea kabla hajaingia kwenye chembe za damu. Akishaingia, hazimzuii kunata. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha habari za kingamwili mbili, C7 na C74, zilizotengwa kutoka kwa watu wazima waliozoea malaria. Katika maabara, kingamwili hizo zilizuia aina nyingi tofauti za protini ya kimelea zisishike EPCR, na zilizuia chembe zilizoambukizwa zisinate kwenye mishipa midogo iliyotengenezwa kwa seli za binadamu. EPCR chenyewe kiliachwa huru kuendelea kupokea protini C.